Nyamizi na Mbwa Aliyekuwa Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Sogeeni, kaeni vizuri. Na wewe uliyekaa upande wa moshi usinilaumu, umechagua mwenyewe. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama wakisema na watu, na watu nao wakiona haya kutowajibu, palikuwa na mjane mmoja aitwaye Nyamizi, wa kijiji cha Itundulu. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, pale njia inapoteremkia mtoni. Hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba kubwa, hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na mbuzi watatu, mweusi, mwekundu na mweupe, na huyo mweupe alikuwa na mimba. Maziwa yao ndiyo yalikuwa chakula chake na samadi yao ndiyo iliyootesha bustani yake, kwa hiyo bila mbuzi hao Nyamizi angebaki kuwaomba watu.

Lakini alikuwa na kitu kimoja zaidi. Alikuwa na sifa. Vilima saba vyote vilijua kwamba hakuna mtu anayekaribisha wageni kama Nyamizi. Ukifika kwake huulizwi unaitwa nani, huulizwi unakwenda wapi, huulizwi unaondoka lini. Unawekewa kigoda, unapewa maji, unapewa chakula, na ukiondoka unasindikizwa mpaka njia panda. Mgeni mmoja alimvunjia mtungi, Nyamizi akasema, "Si kitu, ulikuwa mzee." Mgeni mwingine, mnene huyo, alikalia kifaranga kikafa, Nyamizi akasema, "Si kitu, kilikuwa hakikui."

Basi watu wakawa wanasema, "Nyamizi hajui kukasirika." Mimi nawaambia alijua sana. Alikuwa anameza tu. Alimeza mtungi, akameza kifaranga, akatabasamu, na usoni hakuna aliyeona kitu.

Sasa, katika kichaka cha ng'ambo ya mto palikuwa na Fisi. Fisi huyu alikuwa amezeeka, macho yake hayaoni tena usiku, kwa hiyo alikuwa amehamishia kazi yake alasiri. Alasiri watu wako mashambani na wanawake wako mtoni, na mzee wa watu anaweza kutembea taratibu bila bugudha. Habari zake zikaenea. Jirani yake Nyamizi, mwanamke aitwaye Mbuke, akaja akasimama uani, mikono kiunoni.

Huyo Mbuke msimwogope, ila mjue kwamba sauti yake haikuwa na mlango. Alfajiri anamfokea mumewe, mchana anawafokea watoto, jioni anawafokea kuku. Nyamizi alikuwa akimhurumia sana kwa kukosa adabu.

"Dada Nyamizi," Mbuke akasema, "hao mbuzi wako utawalilia. Chukua mbwa! Mzee Igulu wa kijiji cha juu amekufa, Mungu amrehemu, ameacha mbwa wake na hakuna wa kumlisha. Kamchukue kabla hajaenda porini."

Nyamizi akaona neno limekaa vizuri. Kesho yake akafagia ua, akapanda kilimani, akamkuta mbwa wa marehemu amelala mbele ya nyumba iliyofungwa. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, kifua kipana. Akamwambia, "Twende kwangu, baba." Mbwa akainuka, akamfuata kimya.

Kabla hatujafika naye nyumbani, lazima niwaambie jambo moja. Marehemu Igulu, siku zake za mwisho, alikuwa amemwita mbwa wake akamwambia, "Mimi naondoka. Siku ukienda kukaa kwa watu, usiniaibishe. Kwa watu hatupigi kelele. Kwa watu hatuingilii mambo. Kwa watu hatuombi, hatudai, hatuchagui." Mbwa alikuwa ameyashika maneno hayo yote matatu, kwa sababu alimpenda yule mzee, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumfundisha chochote.

Basi wakafika. Mbwa akasimama nje ya ua, akasema, "Hodi."

"Karibu, mgeni wangu!" Nyamizi akasema. "Karibu sana, karibu ndani, hapa ni kwako."

Nyie mnacheka nini? Ndivyo wageni wanavyoambiwa. Hebu niambieni, nani kati yenu, akirudi kwake jioni na jembe begani, mkewe humwambia "hapa ni kwako"?

Mbwa akaingia kwa heshima, akakaa mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Nyamizi akamtandikia mkeka. Akamletea maji, akamletea ugali na maziwa. Mbwa alikuwa na njaa ya siku nne. Lakini akala nusu tu, akaacha nusu, akajilamba mdomo na kusema, "Nimeshiba, mama, nashukuru."

Nyamizi moyoni, "Chakula changu hakikumpendeza."

Mbwa moyoni, "Nikimaliza chote ataniona mlafi."

Jua likawa linazama. Mbwa akainuka. "Mama, nashukuru kwa wema wako. Naomba ruhusa nirudi."

"Aka!" Nyamizi akasema. "Urudi wapi na jua linazama? Lala, utaondoka kesho."

Akalala. Asubuhi akainuka. "Mama, nimelala salama. Naomba ruhusa nirudi."

"Uondoke bila kunywa uji? Watu watanisema! Subiri unywe uji."

Akanywa uji, nusu. Akainuka. "Mama, nimekunywa. Naomba ruhusa nirudi."

"Na jua hili? Subiri kwanza lipoe."

Jua likapoa, likawa linazama, wakaanza upya. Hivyo ndivyo yule mbwa alivyokaa kwa Nyamizi siku saba bila kukaa. Kila siku aliomba ruhusa mara tatu, na kila siku alizuiwa mara tatu, na kila mmoja akijisifu kimoyomoyo kwamba ametimiza adabu. Nyamizi alikuwa anajiuliza kwa nini mbwa hataki kukaa. Mbwa alikuwa anajiuliza kwa nini mama huyu, aliyechoka namna hii, hataki kupumzika kidogo bila wageni.

Siku ya nane, alasiri, Nyamizi alichukua mtungi akaenda mtoni. Akasema, "Mgeni wangu, narudi sasa hivi, pumzika." Hakumwambia alinde mbuzi. Mgeni hutumwaje kazi?

Hakukawia kupotea kwenye kona, mara sauti ikasikika nje. "Hodi hapa!"

Alikuwa Fisi. Mgongo umeshuka nyuma, kichwa kikubwa, mate yananing'inia.

"Karibu, mzee," Mbwa akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwenye nyumba yupo?"

"Ameenda mtoni."

"Na wewe ni nani hapa?"

"Mimi? Mimi ni mgeni tu."

"Ahaa," Fisi akasema, akayameza mate yake. "Mgeni tu. Basi usisumbuke, endelea kupumzika."

Akapita hadi zizini. Mbuzi wakalia, "Wee mbwa! Bweka! Unangoja nini?"

Mbwa akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, nitabwekaje kwenye nyumba ya watu? Na huyu ni mzee, amepiga hodi vizuri. Labda wanajuana."

Fisi akatoka na mbuzi mweusi mdomoni. Alipofika mlangoni akamweka chini kidogo, maana hata yeye alikuwa amelelewa, akasema, "Mwambie nimepita nikamkosa. Namsalimu sana."

Nyamizi aliporudi, Mbwa alimpokea kwa kuinama. "Mama, pole na maji. Mzee mmoja amepita. Ana mabaka, miguu ya nyuma mifupi kidogo. Anakusalimu sana."

"Nani huyo?"

"Hakuacha jina. Aliondoka na mbuzi mweusi."

Nyamizi akatua mtungi. Akamtazama Mbwa. Akafungua mdomo. Maneno yakaja hadi kwenye meno, yakajaa pale, yakasukumana. Kisha akayameza.

"Si kitu," akasema. "Alikuwa mbuzi mzee."

Mbuzi hakuwa mzee. Nyamizi aliingia jikoni akafunika uso kwa kanga, akalia kwa hasira bila kutoa sauti, mgeni asije akasikia akajisikia vibaya.

Mbuke akapata habari. Akaja, mikono kiunoni. "Dada, mbwa wako ana nini?"

"Hajazoea, mwenzangu. Bado moyo wake uko kwa marehemu."

"Nyama! Mpe nyama. Mbwa asiyeonja nyama hakai mahali." Mbuke hakuwahi kufuga mbwa maisha yake yote, lakini ushauri alikuwa nao wa kutosha. "Na ukimaliza, kata manyoya kidogo ya mkia wake uyazike chini ya mafiga. Hatatoka tena hata umfukuze."

Nyamizi akampikia nyama. Mbwa akala nusu. Nyamizi akachukua kisu, akaja kwa aibu. "Samahani, mgeni wangu, nilikuwa naomba manyoya kidogo ya mkia, kama hutajali."

"Chukua, mama, hata mkia wenyewe," Mbwa akasema, akageuka. Moyoni akawaza, "Kila nyumba ina desturi zake, mimi ni nani niulize." Manyoya yakazikwa chini ya mafiga. Mafiga yakakaa pale pale, na Mbwa akakaa mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Jua lilipozama akainuka na kusema, "Mama, naomba ruhusa nirudi."

Siku ya kumi na mbili, alasiri, Nyamizi alichukua mtungi akaenda mtoni. Mara, "Hodi hapa!"

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwenye nyumba yupo?"

"Ameenda mtoni."

"Na wewe bado ni mgeni tu?"

"Bado, mzee."

"Vizuri sana," Fisi akasema. "Vijana wenye adabu kama wewe wamebaki wachache."

Akapita zizini. Mbuzi wakalia, "Bweka! Bweka, wee mbwa!" Mbwa akaziba sikio lake zima kwa mguu. Fisi akatoka na mbuzi mwekundu, akaacha salamu.

Nyamizi aliporudi na kupewa salamu zake, hakuweza hata kusema "si kitu" vizuri. Ilitoka vipande vipande. Aliingia zizini akamkuta mbuzi mweupe amejikunja kwenye kona, tumbo limetuna, macho yamemtoka. Akamshika shingo. "Tumebaki wawili," akamwambia, "na huyo aliyemo tumboni." Na mbuzi mweupe, ambaye hakuwa mgeni na hakujali, akamjibu, "Tumebaki wawili kwa sababu ya heshima zako."

Jibu hilo lilimchoma Nyamizi. Akataka kumwambia Mbwa neno, hata neno moja. Akatoka uani, akatazama mlangoni, Mbwa hayupo.

Akamtafuta. Nyuma ya nyumba hayupo, bustanini hayupo, njiani hayupo. Alimkuta kwenye uzio wa Mbuke, amelala kifudifudi, pua imepenyezwa kati ya miti, macho ameyafumba. Huko ndani Mbuke alikuwa amepamba moto.

"Wewe mwanamume gani? Kuni nimekata mimi, maji nimechota mimi, na wewe hapo ulipo hata nzi anatua usoni unamwangalia! Inuka! Usiponitengenezea hilo paa leo, kesho utalala na kuku!"

Mumewe naye, "Nainuka, nainuka, mwanamke una mdomo wewe!"

Mbwa akashusha pumzi ndefu. Nyamizi akastaajabu kuona chozi likitoka kwenye jicho lililofumbwa.

"Mgeni wangu," akamwita taratibu. "Huku umefuata nini? Wanakupa nini hawa nisichokupa mimi?"

Mbwa akashtuka, akainuka, akainamisha kichwa. "Hawanipi kitu, mama. Samahani. Nilikuwa nasikiliza tu. Pale kuna raha."

"Raha? Kwa Mbuke?"

"Marehemu alikuwa akinisemesha hivyo hivyo kila asubuhi," Mbwa akasema. Kisha akaona amezidisha maneno, akarudi mlangoni.

Nyamizi hakuelewa. Alirudi nyumbani na wivu, tena wivu mkali. Mkeka wangu hautoshi, nyama yangu haitoshi, anakwenda kusikiliza matusi ya jirani! Usiku mzima aligeuka kitandani akipanga namna ya kumkirimu zaidi. Jamani, mtu akishapotea njia huwa anaongeza mwendo.

Asubuhi akamwekea maji ya kunawa yenye uvuguvugu. Akampepea nzi. Akamwita "mheshimiwa." Mbwa akanywea kabisa, akasogea nje zaidi, mpaka akawa robo ndani, robo tatu nje.

Siku ya kumi na sita ikafika. Alasiri, Nyamizi akachukua mtungi akaenda mtoni. Alipofika nusu ya njia, akagusa kichwa, akakuta amesahau ngata ya kuwekea mtungi. Akarudi. Kutoka kijijini walikuwa wanakuja Mbuke na wanawake wengine wawili, nao wanakwenda kuchota maji, wanapiga soga.

Akaingia uani, akasimama kama aliyepigwa ganzi.

Fisi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kile kile cha wageni. Mbwa alikuwa amemletea maji, akasimama pembeni kwa adabu. Na mbuzi mweupe alikuwa amefungwa kamba shingoni, mwisho wa kamba uko chini ya mguu wa Fisi.

"Aa, mwenyewe huyo!" Fisi akasema, wala hakuinuka. "Nyamizi wa Itundulu! Nimepita mara mbili nikakukosa. Huyu mjukuu amenipokea vizuri, usimlaumu. Binti yangu, sifa zako nimezisikia vilima vyote saba. Wanasema mgeni haondoki kwako mikono mitupu. Basi mimi mzee wako sina makuu, naomba huyu mweupe tu, na unisindikize hadi njia panda."

Wanawake wakawa wamefika kwenye uzio. Wakasimama, mitungi vichwani, wanasubiri kuona. Nyamizi akajua wanasubiri. Miaka yote hiyo ya "karibu" na "si kitu" ilikuwa imesimama pale kwenye uzio inamtazama. Na mdomo wake, kwa mazoea, ukafunguka.

"Kari..." ukasema.

"Meee!" mbuzi mweupe akalia. "Unamkaribisha?"

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Nyamizi. Mtungi ukaanguka ukapasuka. Lakini sikilizeni ajabu hii. Hata hapo, na hasira yote ile, alishindwa kumtukana Fisi. Fisi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amepewa maji, ni mgeni. Mdomo wa Nyamizi ulikataa. Hasira ikatafuta pa kutokea, ikazunguka, ikazunguka, ikamwangukia Mbwa.

"We mbwa!"

Mbwa akainua sikio moja.

"Mbwa gani wewe? Siku kumi na sita umekaa mlangoni kwangu kama bwana harusi! Unakula, unalala, unanishukuru! Nani alikwambia nataka shukrani zako?"

Mbwa akainua sikio la pili, lile lililochanika. "Unasema na mimi, mama?"

"Kuna mbwa mwingine hapa? Wewe, mla bure, goigoi, domo zege! Mbuzi wangu wawili wameliwa unaniletea salamu! Salamu za nini? Nitakamua salamu?"

Kwenye uzio, mwanamke mmoja akashika mdomo. "Yarabi, Nyamizi anamtukana mgeni." Mbuke alikuwa anasikiliza kwa makini, maana alitambua kazi nzuri anapoisikia.

Mbwa alikuwa ameinuka. Mkia wake, ambao tangu afike ulikuwa umelala, ukatikisika mara moja.

"Na usiutikise huo mkia, nitakupiga na huu ukuni!" Nyamizi akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Kama hujamtoa huyo mzee hapo kwenye kigoda, jioni hii hupati chakula! Umenisikia? Jioni hii hupati hata ukoko, na kesho hupati, na mwezi mzima hupati!"

Mbwa akatulia tuli.

"Mwezi mzima?" akauliza. "Kwa hiyo mwezi mzima nitakuwa hapa?"

"Sasa utakuwa wapi, mjinga wewe?"

Hilo ndilo Mbwa alilokuwa analisubiri siku kumi na sita. Akajinyoosha, mbele kwanza, kisha nyuma. Akapiga miayo mikubwa. Kisha akamgeukia Fisi, na manyoya ya shingo yakasimama.

"Mjukuu wangu," Fisi akasema haraka, akivuta kamba, "usisahau adabu. Wewe hapa ni mgeni tu."

"Nilikuwa," Mbwa akasema. "Wewe mwenyewe hukusikia alivyonitukana? Mgeni hutukanwa hivyo?"

Akabweka. Ole wenu hamkuwepo! Alikuwa na mabweko ya siku kumi na sita, yote yamerundikana kifuani. Akabweka mara ya kwanza, kigoda kikapinduka. Akabweka mara ya pili, kamba ikamponyoka Fisi. Akabweka mara ya tatu, tayari ameshamkamata paja, na yule mzee aliyekuwa akitembea taratibu akakimbia kuliko vijana, akapita katikati ya wanawake, mitungi ikaanguka, akateremka mtoni, akavuka bila kutafuta kivuko. Tangu siku hiyo, alasiri zake amezitumia kulala.

Mbwa akarudi anahema. Hakupiga hodi. Akapita mlangoni, akaingia ndani mzima mzima, akajitupa karibu na mafiga na miguu yake michafu.

"Toa matope yako kwangu!" Nyamizi akasema.

"Nimechoka," Mbwa akasema. Wala hakusogea.

Sasa msifikiri kijiji kilimpigia Nyamizi vigelegele. Wale wanawake wawili walipita nyumba kwa nyumba kabla hata hawajapata mitungi mingine. "Mmesikia? Nyamizi anatukana wageni! Kumbe ndivyo alivyo!" Habari zikapanda vilima vyote saba, na katika kila kilima zikaongezewa tusi moja, mpaka zilipofika cha saba ikawa Nyamizi alimwuma Fisi kwa meno yake mwenyewe. Wasafiri wakaanza kupita njia ya juu. Sifa iliyojengwa kwa miaka ikaisha kwa alasiri moja. Ni Mbuke peke yake aliyekuja kesho yake, akamwangalia juu mpaka chini, akamwambia, "Dada, sauti unayo! Ulikuwa umeificha wapi?" Wakacheka hadi wakashikana mabega.

Lakini hiyo ni kesho yake. Turudi jioni ile ile.

Nyamizi alikuwa amesema Mbwa hatapata chakula, na wote wawili walijua anasema tu. Akasonga ugali, akapika mlenda, akamsukumia chake kwenye kigae. Hakusema karibu. Mbwa naye hakusema asante. Akainamisha kichwa, akala tonge moja, akasimama.

"Mama."

"Nini tena?"

"Mlenda una chumvi nyingi."

Nyamizi akamtazama. "Nini?"

"Chumvi. Imezidi sana. Na juzi ilizidi, na jana ilizidi."

Nyamizi akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena. Akaonja mara ya tatu. Ilikuwa kweli. Miaka minane, tangu mumewe afariki, amewapikia watu wa vilima saba kutoka chungu hicho hicho, kwa mkono huo huo wa chumvi. Wote walikula, wote wakasema, "Mtamu, hatujawahi kula mlenda kama huu," wakanywa maji mengi, wakaondoka.

"Miaka minane!" akasema. "Miaka minane nalisha watu chumvi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia!"

"Walikuwa wageni, mama," Mbwa akasema.

Nyamizi akakaa chini, pale pale, kando ya kigae. Alitaka kukasirika, akashindwa. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ambayo hakuijua tangu siku alipobaki peke yake katika nyumba ile iliyojaa watu.

"Kula hivyo hivyo," akamwambia. "Kesho nitapunguza."

"Kesho utasahau."

"Nimesema nitapunguza! Na ufunge mdomo unapotafuna, unanirushia!"

Mbwa akala, ananung'unika, akala chote, akalamba kigae mpaka kikahama mahali pake.

Basi hadithi yangu na iketi hapo walipoketi hao wawili, nami nimechoka kuibeba.